Mbio za hisani zinalipia mioyo, soka linasubiri nini?

London Marathon inapopigwa, macho ya wengi Afrika Mashariki hubaki kwenye lile kundi la mbele. Wakenya na Waethiopia wanachanja mbuga, saa mbili na dakika kadhaa mchezo umekwisha, watu wanahesabu mkwanja. Marehemu Kelvin Kiptum alitumia saa 2:01:25 pale mwaka 2023.

Nyuma yao kuna mbio nyingine kabisa. Ni watu wa kawaida wanaomaliza kwa saa tano au sita, wengine wanachechemea, na migongoni baadhi wamechapisha picha ya kijana na umri aliofariki nao. Hawa medali si hoja kwao. Taasisi ya hisani inanunua nafasi, inampa mkimbiaji, naye anaahidi kuchangisha fedha, mara nyingi kama pauni 2,000, kwa ndugu, majirani na wenzake wa kazini. Haba na haba hiyo ilifika pauni milioni 73.5 kwa mbio za mwaka 2024 peke yake.

Miongoni mwa taasisi zinazokimbiliwa ni Cardiac Risk in the Young, iliyoanzishwa na Alison Cox mwaka 1995 ili kupima mioyo ya vijana. Hesabu yake ni kwamba Uingereza inapoteza vijana 12 kila wiki, wa miaka 35 kushuka chini, kwa matatizo ya moyo ambayo hayakugunduliwa mapema.

Shabiki wa soka anayajua matatizo hayo hata kama hajui majina yake. Marc-Vivien Foé alianguka Juni 26, 2003 pale Lyon, Cameroon ikicheza na Colombia nusu fainali ya Kombe la Mabara, na hakuna mchezaji aliyekuwa karibu naye. Uchunguzi ulikuta misuli ya moyo wake imekuwa minene kupita kiasi. Antonio Puerta wa Sevilla akafuata Agosti 2007, kisha Piermario Morosini wa Livorno Aprili 2012. Hawa wawili walikuwa na ugonjwa wa nadra zaidi, ambao misuli ya moyo, hasa upande wa kulia, inakufa taratibu na nafasi yake kuchukuliwa na mafuta na makovu. Umeme wa moyo ukifika hapo unapotea njia.

Nadra kiasi gani? Makadirio ya kawaida ni mtu mmoja kati ya 5,000. Ukijaza Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye viti 60,000, kwa hesabu hiyo wenye ugonjwa huu ni 12, wamekaa humo humo wanashangilia na wengi wao hawajui.

Ubaya wake ni kwamba mazoezi makali huuchochea. Ndiyo maana daktari akishaugundua, kitu cha kwanza anachomwambia mgonjwa ni kuachana na mbio na mpira wa ushindani. Mwenye moyo huo hawezi kujikimbilia mwenyewe, wanamkimbilia wengine. Na hapo kuna mtego ambao watu hawausemi sana. Ugonjwa huu mara nyingi unarithiwa, na mzazi mwenye nao anaweza kumpa kila mtoto wake kwa uwezekano wa nusu kwa nusu. Kaka anayetaka kukimbia kilomita 42 kwa kumbukumbu ya mdogo wake anatakiwa apitie kwanza hospitali, ndipo anunue viatu.

Sasa, fedha zikishapatikana zifanye nini? Jibu la haraka ni kupima kila mchezaji. Italia imelazimisha vipimo kwa wanamichezo wa ushindani tangu mwaka 1982, na utafiti wa mkoa wa Veneto uliotoka 2006 ulionyesha vifo vya ghafla vimepungua kwa asilimia 89. Msimamo huo ndio uliofanya Christian Eriksen ashindwe kuendelea na Inter baada ya kuwekewa kifaa cha kushtua moyo kifuani, akaenda kucheza Brentford.

Lakini vipimo navyo vina mipaka. England ilipima vijana 11,168 wa akademi za soka kati ya 1996 na 2016. Wachezaji 42 walikutwa na matatizo yanayoweza kuua ghafla, na hiyo si idadi ndogo. Hata hivyo, katika wanane waliofariki kwa moyo miaka iliyofuata, sita walikuwa wamepimwa na kuonekana wako fiti. Magonjwa mengine huja na umri, kijana wa miaka 16 anapita kipimo, akifika 22 moyo umebadilika.

Kwa hiyo kinachobaki ni mikono ya watu walio karibu na mashine ya kushtua moyo. Moyo wa Fabrice Muamba ulisimama dakika 78 Machi 2012, na leo yuko hai kwa sababu watu walibonyeza kifua chake bila kukata tamaa, akiwamo daktari wa moyo aliyetoka jukwaani alikokuja kama shabiki wa Tottenham. Eriksen alirudishwa palepale kwenye nyasi za Copenhagen, Juni 2021. Bila mashine, kila dakika inayopita inakula kama asilimia 7 hadi 10 ya nafasi ya kupona. Mwaka huo huo Ligi Kuu England ikatangaza mfuko wa kupeleka mashine kwa klabu za chini zaidi ya 2,000.

Ukigeukia huku nyumbani, mbio zipo za kumwaga. Nairobi ina Mater Heart Run tangu miaka ya 1990, inayochangia watoto wenye matatizo ya moyo. CRDB Marathon ilipoanza Dar es Salaam mwaka 2020, fedha zilielekezwa kwenye upasuaji wa watoto katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, JKCI. Hakuna mwenye akili timamu atakayesema fedha hizo zihamishiwe uwanjani. Mtoto aliyezaliwa na tundu kwenye moyo hana muda wa kusubiri mjadala wa soka.

Ndiyo maana soka linatakiwa lijitafutie la kwake. Desemba 2016, kwenye Uwanja wa Kaitaba, Ismail Khalfan wa timu ya vijana ya Mbao alifunga bao dhidi ya Mwadui, akaanguka baadaye na kufariki. Vyovyote iwavyo kuhusu chanzo, mechi ya vijana inahitaji kilekile kilichokuwapo Copenhagen.

Mfano wa mwanasoka upo. Nwankwo Kanu alikutwa na tatizo la valvu ya moyo alipojiunga na Inter mwaka 1996, akafanyiwa upasuaji Marekani, akarudi uwanjani na baadaye akatamba Arsenal. Mwaka 2000 alianzisha taasisi yake ya moyo inayolipia watoto wa Kiafrika upasuaji. Hakusubiri mtu akimbie kwa ajili yake.

Simba Day na kilele cha Wiki ya Mwananchi hujaza watu kila mwaka. Sh500 juu ya kila tiketi, uwanja ukiwa umejaa, ni Sh30 milioni. Mashine moja huuzwa kati ya dola 1,000 na 2,000 hivi, hivyo siku moja ya tamasha ingetosha kununua tano na chenji ikabaki ya kufundisha waamuzi, makocha na wale vijana wa machela namna ya kubonyeza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kwenye ndondo, ambako hata gari la wagonjwa ni hadithi, mafunzo hayo ndiyo yanayokuja kwanza.

Na mashine ikishanunuliwa ikae pembeni ya benchi la ufundi, betri ikaguliwe kabla ya kila mechi. Ikifungiwa ofisini, siku itakapohitajika mwenye ufunguo atakuwa amesafiri na timu.