Msee akihepa hosi, shida ni yeye ama ni hosi?

Cheki hii. Januari 2025 Trump alisimamisha misaada ya Marekani, na hapa Kenya kliniki kadhaa zilizokuwa zinahudumia wapenzi wa jinsia moja zikafunga. Wateja wakaambiwa waende hosi za kawaida.

Kwa karatasi iko poa, ARV ni zile zile. Lakini jiweke kwa hiyo foleni. Nesi anauliza kwa sauti, "Na bibi yako mbona hukuja naye?" Unatoka mdogo mdogo. Hurudi.

Wengi watasema una woga, upewe ushauri. Nadharia ya kwia inapindua swali: nani aliamua "kawaida" ni gani? Kifungu cha 162 cha sheria yetu kinataja "kinyume cha maumbile", kifungo hadi miaka 14, na Mahakama Kuu ilikiacha vile kilivyo 2019. Huo woga basi si ugonjwa wa kichwa. Msee amepiga hesabu.

Na manze, virusi haviulizi unapenda nani. Dawa zikikatika, vinapanda tena, na mpenzi wake pia yuko hatarini. So kabla umtume kwa kaunsela, anza na lile swali la nesi. Wewe ungerudi?