"Si Alikubali?" Hilo Si Jibu

Kuna sentensi moja imekuwa kama ngao pale Shelly Beach: "Si alikubali?" Utaisikia Jumapili jioni, vijana wamekaa mchangani, stori imefika kwa dem fulani aliyelewa wiki jana akapelekwa chumba asichokijua. Mmoja akiuliza kama hiyo ni sawa, anazimwa pale pale. Alipanda tuktuk mwenyewe. Alikunywa mwenyewe. Stori imeisha.

Haijaisha, ndugu yangu.

Kenya ina Sheria ya Makosa ya Kingono tangu 2006. Aliyeipigania Bungeni ni Njoki Ndung'u, wakati huo mbunge wa kuteuliwa, leo ni jaji wa Mahakama ya Juu. Kifungu cha 42 kinasema mtu amekubali akiwa ameridhia kwa hiari yake, na ana uhuru na uwezo wa kuchagua. Soma tena: uhuru NA uwezo. Haijaandikwa "hakupiga kelele".

Kifungu cha 43 kinataja wale ambao "ndiyo" yao si ndiyo. Aliyelala. Aliyezimia. Aliyelewa pombe au dawa mpaka akili haiamui sawasawa. Aliyetishwa. Aliyeshindwa kukataa kwa sababu mwenzake ana mamlaka juu yake. Na mtoto, yaani yeyote chini ya miaka 18, hata akisema ndiyo mara kumi. Ubakaji unaanzia miaka 10 jela.

Na sheria haichagui jinsia. Yule mvulana wa miaka 16 anayenunuliwa simu na mgeni mtu mzima ili alale naye, tunamcheka ati "amepata sponsa". Hajapata kitu. Ametendewa kosa.

Msidhani ni vijana wa mchangani tu wanaokwama hapa. 2016, Mahakama Kuu ya Malindi, Jaji Said Chitembwe alimwachilia mwanamume aliyekuwa amehukumiwa miaka 20 kwa kumnajisi msichana wa miaka 13. Hoja? Msichana alikuwa akienda kwake kwa hiari, akijibeba kama mtu mzima. Ni ile ile "si alikubali", sasa imevaa joho.

Najua mtakachoandika hapo chini: "Kwani sasa tuandikiane mkataba?" La. Jiulize swali moja tu: huyu, kwa hali aliyo nayo sasa hivi, angeweza kukataa na asipatwe na lolote? Kama jibu ni hapana, basi hiyo "ndiyo" huna. Amelewa? Mrudishe kwa marafiki zake. Kama anakutaka kweli, kesho akiwa mzima atakutaka vile vile.

Lakini sheria yenyewe nayo ina tundu, na hili ndilo linaloniuma. Kifungu hicho hicho cha 43, sehemu ya 5, kinasema maelezo haya hayawahusu watu waliooana kihalali. Yaani mwanamke aliyelala hawezi kukubali, isipokuwa aliyelala kando yake ni mumewe? Aliyetishwa hana hiari, ila akiwa na cheti cha ndoa anayo? Wabunge wa 2006 waliuondoa ubakaji wa ndani ya ndoa kwenye mswada, na mpaka leo tumenyamaza. Wengine wanasema ni mila, ni dini, ni siri ya nyumba. Mimi nasema heshima ya ndoa haiwezi kujengwa juu ya mtu asiyeruhusiwa kusema hapana.

Kwa hivyo kazi ni mbili. Bunge lifute hiyo sehemu ya 5. Na sisi, tukiwa Shelly au popote, tuache kuuliza "si alikubali?" Tuulize: alikuwa na uwezo wa kukataa?

Kama limekukuta wewe, nenda hospitali haraka, kabla ya saa 72 kupita. Piga 1195, ni bure. Na usikubali mtu akwambie ulikubali.