Guni Halichekwi, Hukosolewa

Wapenzi wa lugha na ushairi, leo nina ugomvi, na ugomvi wangu ni na sisi wenyewe tunaojiita walinzi wa mizani na vina.

Nilipodokeza mbele ya washairi wenzangu kwamba nakusudia kuandika kuhusu filamu ya vibonzo ya Kijapani, mmoja wao alinijibu kuwa mapenzi ya watoto wa shule hayana la kumfunza malenga. Nimeitazama filamu hiyo mara tatu. Nasema analo la kujifunza, tena ndilo tulilolikosa kwa muda mrefu.

Filamu yenyewe ni Mimi wo Sumaseba, iliyotolewa na Studio Ghibli mwaka 1995. Mswada wake aliuandika Hayao Miyazaki kutokana na hadithi ya picha ya Aoi Hiiragi, na mwongozaji alikuwa Yoshifumi Kondō, ambaye hakujaliwa kuongoza filamu nyingine ndefu. Alifariki mwaka 1998 akiwa na miaka 47. Kwa Kiingereza iliitwa Whisper of the Heart, yaani mnong'ono wa moyo, na kwa tafsiri hiyo jambo kubwa likapotea. Jina la asili halisemi lolote juu ya moyo. Neno mimi kwa Kijapani maana yake ni sikio, na jina zima lamaanisha "ukitega sikio". Tazameni kinyume kilichopo: mimi yao husikiliza, mimi yetu hujitaja.

Shizuku Tsukishima ni msichana wa magharibi mwa Tokyo, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari ya awali. Wenzake wanajiandaa kwa mitihani ya kuingia sekondari ya juu, naye amezama katika vitabu vya hadithi. Rafiki yake amemwomba aufasiri kwa Kijapani wimbo wa Country Roads, ambao John Denver aliutoa mwaka 1971, ili uimbwe wakati wa kuhitimu. Rasimu yake ya kwanza haimridhishi. Anaiona ya kawaida mno. Basi kwa mzaha anatunga nyingine, inayozungumzia barabara ya zege ya mtaani kwao, kwa kuwa ndiyo aijuayo. Karatasi anaisahau kwenye benchi. Mvulana aitwaye Seiji anaiokota, anaisoma, na anamcheka. Shizuku anarudi nyumbani akifoka njia nzima.

Hapo ndipo nilipojiona, wala sikujiona katika Shizuku. Nilijiona katika aliyecheka.

Miaka kadhaa iliyopita, binti mmoja wa kidato cha nne alileta shairi katika kundi letu la simu. Lilikuwa shairi la kuwaaga wenzake shuleni. Nilihesabu mizani kabla sijasoma maana. Mishororo miwili ilipungua, na kina cha kati kilivunjika katika ubeti wa tatu. Nikaandika mbele ya wote: "Hili si guni tu, ni gunia zima la maguni." Watu walicheka sana, nami nikafurahia kuchekesha. Binti yule hakuleta tena shairi. Kosa lake lingetaka dakika kumi za kulirekebisha. Langu sijui nilirekebishe vipi.

Ila nisieleweke kwamba nawaunga mkono wale wa upande wa pili, wanaomwaga "kongole malenga!" kwa kila kitu kilichokatwa mishororo minne. Sifa za namna hiyo nazo ni uziwi. Msifu hakusoma, amepita tu akitupa ua. Tangu miaka ya 1970 wanamapokeo na wanausasa wamegombania iwapo vina na mizani ni uti wa mgongo wa shairi. Ugomvi huo una heshima yake, lakini mwanagenzi asiyesomwa na upande wowote haupati faida.

Njia ya tatu imo ndani ya filamu. Seiji anataka kuwa fundi wa fidla, naye anakwenda Cremona, Italia, kujaribiwa kwa miezi miwili. Shizuku, ambaye sasa anampenda, anajiona hana chochote, basi anaamua kuandika hadithi ili naye aupime uwezo wake. Masomo yanazorota na nyumbani kunazuka zogo. Baba yake, mtu wa maktaba, anamruhusu, huku akimwonya kuwa anayeshika njia tofauti na wenzake hatakuwa na wa kumlaumu. Hadithi inapokamilika, anaipeleka kwa Mzee Nishi, babu yake Seiji mwenye duka la vitu vya kale, na anamtaka aisome papo hapo.

Mzee anaisoma yote, huku msichana akisubiri nje kwenye baridi. Kisha anamwambia kuwa ni nzuri. Shizuku anapinga kwa kilio: anajua mwenyewe kwamba imeparaganyika. Mzee hamdanganyi. Anakiri kuwa bado ni ghafi na haijakamilika, kama fidla za mjukuu wake, ila imetoka moyoni. Awali alimwonyesha jiwe lenye madini ya berili, asili ya zumaridi, akamweleza kuwa kito hupatikana kwa kusuguliwa. Sasa anampa jiwe hilo, na anampikia tambi za moto.

Mtasema: huruma hii itaua kanuni. Angalieni matokeo basi. Shizuku hatoki pale akijiita bingwa. Anatoka akijua kwamba kupenda kuandika hakutoshi, kwamba lazima asome zaidi, na anarudi kwenye mitihani yake kwa hiari. Kiwango hakikushushwa hata inchi moja. Na ule wimbo uliochekwa? Baadaye Shizuku anauimba, Seiji akimpigia fidla, nao umegeuka. Wa asili huiomba barabara imrudishe mtu nyumbani. Wa Shizuku ni wa mtu aliyeondoka peke yake na kuazimia kutorudi kwa njia ile. Hiyo si tafsiri ya kamusi. Ni utunzi, na uliota kutoka katika rasimu mbovu na mzaha wa barabara ya zege. Angelikata tamaa pale kwenye benchi, tungelipata nini?

Kwa hiyo nawaomba wakosoaji wenzangu: akija kijana na guni lake, tulisome hadi mwisho kabla ya kuhesabu. Tumwonyeshe mshororo uliopungua, faraghani, na tumweleze sababu. Kisha tumwambie alilolisema vyema, ikiwa lipo. Kama binti yule wa kidato cha nne anasoma hapa, naomba radhi, na shairi lile nitalisoma upya akilileta.

Kito kikichimbuliwa, hutoka kina udongo,
Sonara hukichukuwa, hakipigi na kigongo,
Taratibu husuguwa, kwa jicho lisilo tongo,
Na guni hukosolewa, si kuchekwa kwa maringo.