Mabomba chakavu: Nani anawajibika baada ya dira ya maji?

MJADALA kuhusu shida ya maji jijini Dar es Salaam umezoea kuanzia mtoni. Kila mgawo unapozidi, macho yote huelekezwa Ruvu. Ndiyo maana katika miaka ya 2010 Serikali ilipanua mitambo yake: Ruvu Chini, iliyojengwa mwaka 1976, ilipandishwa kutoka lita milioni 180 hadi milioni 270 kwa siku, na Ruvu Juu kutoka lita milioni 82 hadi milioni 196.

Hata hivyo, safari ya maji haiishii kwenye bomba kuu. Katika baadhi ya nyumba kongwe za Kariakoo, Upanga na Ilala, mita chache za mwisho bado hupita katika mabomba ya chuma yaliyofukiwa ukutani na chini ya sakafu miongo kadhaa iliyopita.

Mabomba hayo yalipakwa zinki ili yasishike kutu. Zinki inapolika, kutu huota ndani na njia ya maji husinyaa mwaka hadi mwaka. Dalili zake zinafahamika: maji mekundu asubuhi, na mtiririko hafifu hata pale jirani anapopata maji ya kutosha. Hatari kubwa zaidi huja wakati wa mgawo. Bomba lililotoboka, likikaukiwa maji, huweza kufyonza uchafu wa ardhini, na maji yaliyosafishwa mtamboni yakamfikia mtumiaji yakiwa yamechafuka.

Kuziba tundu moja moja si tiba, kwa kuwa bomba lililooza mahali pamoja huwa limechoka kotekote. Kinachohitajika ni kulibadilisha lote, na hapo ndipo ugumu unapoanza.

Kwa kawaida mamlaka ya maji huwajibika hadi kwenye dira. Zaidi ya hapo mzigo ni wa mwenye nyumba. Lakini maji yanayovuja baada ya dira huhesabiwa, na mara nyingi anayelipa ankara ni mpangaji. Yeye huyo, ambaye pengine amekwisha kulipa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, hana mamlaka ya kuvunja ukuta usio wake. Mwenye mamlaka naye haoni hasara, hivyo hana haraka.

Njia ya kutoka ipo: mkataba wa pango utaje mabomba waziwazi, au mpangaji agharimie kazi kwa maandishi na fedha hizo zikatwe kwenye kodi. Fundi umeme naye ahusishwe, kwani katika baadhi ya nyumba za zamani waya wa kinga uendao ardhini ulifungwa kwenye bomba la chuma, na plastiki haipitishi umeme.

Bila makubaliano ya namna hiyo, maji yaliyoongezwa Ruvu kwa gharama kubwa yataendelea kupotelea chini ya sakafu, huku ankara ikisomwa na asiye na uwezo wa kuizuia.