Daftari Lisilosomwa

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walisema kweli, lakini hawakuwahi kumwona kijana wa leo, ambaye mali yake hupotea huku daftari limejaa mbele ya macho yake. Kuhusu daftari hilo nataka kuzungumza nawe, ndugu msomaji, na sitaficha neno, kwa sababu jambo lenyewe limeingia nyumbani mwangu.

Mjukuu wangu anafanya kazi Tunduma. Msimu uliopita wa kahawa alikuja Isansa na kompyuta yake, akaniamkia, kisha akaniomba nimkopeshe shilingi 150,000 anunue diski mpya. Nilimwuliza ya nini. Akasema anacheza poka, ule mchezo wa karata wa kamari, kwa njia ya intaneti, na anayo programu inayoandika kila mgao wa karata: nani aliongeza dau, nani alitupa karata, nani alishinda. Diski yake ilikuwa ya kizamani, yenye sahani inayozunguka, na kuingiza kumbukumbu za siku moja kulichukua muda mrefu. "Babu," alisema, "anayewahi kumbukumbu ndiye anayeshinda."

Baadhi ya wazee wenzangu wangesema kamari ni dhambi, wakafunga mlango. Mimi ni mwalimu. Nilimwambia aketi anieleze programu hiyo inavyofanya kazi. Nakiri kwamba nilipata elimu.

Kila mgao huhifadhiwa kwanza kama maandishi ya kawaida. Programu huyasoma, huyakata vipande, na kuvipanga katika majedwali ya kanzidata. Programu iitwayo PokerTracker, iliyoanza mwaka 2001, hapo mwanzo iliweka kumbukumbu katika Microsoft Access, ambayo faili yake moja haiwezi kuzidi gigabaiti 2. Mchezaji wa meza nyingi angeweza kulijaza ghala hilo. Baadaye watengenezaji walihamia PostgreSQL, kanzidata isiyolipiwa, ambayo chimbuko lake ni kazi iliyoanza mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Ipo pia SQLite, ya mwaka 2000, ambayo huweka kila kitu katika faili moja na haihitaji fundi wa kuitunza, ila humruhusu mwandishi mmoja tu kwa wakati mmoja.

Watu hubishana ni ipi yenye kasi. Ubishi huo niliufahamu kabla sijaiona kompyuta. Nilipokuwa mwalimu mkuu, mwanafunzi mpya aliandikwa katika daftari la uandikishaji: mstari mmoja, dakika moja. Lakini mkaguzi akiuliza ni watoto wangapi wametoka kijiji fulani, tulipekua kurasa mchana kutwa. Tukaanza kutumia kadi, seti moja ikipangwa kwa majina na nyingine kwa vijiji. Tangu hapo kumwandikisha mtoto kulichukua muda zaidi, kwani kila seti ilidai kadi yake, lakini jibu la mkaguzi lilipatikana mara moja. Kadi zile ndizo faharasa za kanzidata. Ukiziongeza, kuuliza kunakuwa kwepesi na kuingiza kunakuwa kuzito. Ukizipunguza, mambo hugeuka. Fundi hodari huingiza migao elfu kwa mkupuo badala ya mmoja mmoja, hutumia diski isiyo na kitu cha kuzunguka, na husafisha majedwali mara kwa mara. Lakini hakuna fundi awezaye kuchagua vema kabla hajajua ni swali gani litaulizwa.

Hapo ndipo ulipo ugomvi wangu. Nilimwuliza mjukuu wangu, "Hii kanzidata huwa unaiuliza nini?" Akasema anaiuliza tabia za wapinzani wake: nani mwoga, nani hudanganya kwa dau kubwa. "Na habari zako wewe mwenyewe?" Akanyamaza.

Tulifungua ukurasa wa jumla. Kompyuta ile ile aliyoilaumu ilileta jibu kabla chai haijapoa. Migao 60,000, hasara dola 240, karibu shilingi 600,000. Pembeni yake palikuwa na safu nyingine ambayo hakuwahi kuitazama: makato ya mwenye meza, dola 360. Tukafanya hesabu ya shule ya msingi. Bila makato, kijana angekuwa amewashinda wenzake kwa dola 120. Hakuwa mjinga, la hasha! Aliwashinda wachezaji, naye akashindwa na mtu asiyecheza. Maana katika poka mwenye meza hashiki karata. Yeye hukata sehemu ya fedha zinazoshindaniwa, kwa hiyo wachezaji wote wakijumlishwa pamoja hawana budi kupoteza. Ni diski gani itakayolibadili hilo?

Yuko atakayenipinga kwamba migao michache ni bahati tupu, kwamba ukweli huonekana baada ya maelfu mengi, na ndiyo maana kasi inahitajika. Nakubali. Wapo pia wachache wanaoshinda hata baada ya makato. Lakini wingi wa kumbukumbu humfaa aliye tayari kuzisoma. Asiyetaka kujua jumla yake, kasi humsaidia kupoteza upesi zaidi.

Wengi wa vijana wetu hapa Isansa hawaijui poka. Wao hubeti mpira kwa simu, wakaweka mkeka na kungoja. Nao husifia kasi vilevile: programu nyepesi, malipo ya papo hapo. Kampuni inayo kumbukumbu ya kila shilingi ya mteja. Mteja anakumbuka siku aliyoshinda tu. Mkulima wa Mbozi hawezi kuacha kahawa yake kwenye chama cha ushirika bila stakabadhi ya kilo. Mbona mwanawe anaacha fedha kila Jumamosi bila kuhesabu?

Nadai mambo mawili. La kwanza, Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2003, izilazimishe kampuni zote kuonyesha juu kabisa ya ukurasa wa kila mteja namba mbili: kiasi alichoweka tangu ajiunge, na kiasi alichotoa. Kanzidata yoyote inaiweza hesabu hiyo. Atakayesema ni kazi ngumu, anatudanganya. La pili ni kwa kijana asiyetaka kungoja Bodi. Achukue daftari la mazoezi, afungue ujumbe wa fedha katika simu yake, aandike safu mbili na kuzijumlisha. Kazi hiyo haihitaji diski mpya.

Sikumkopesha mjukuu wangu. Tulipatana kwamba kila mwisho wa mwezi atanitumia namba moja tu, jumla yake, bila maelezo. Ya mwezi uliopita ilikuwa hasara ya dola 9. Hajaacha kucheza, lakini namba ameituma.