Kimya Si Takataka

Wahariri wengi wa video hapa kwetu wana ugonjwa mmoja: wanaogopa kimya. Mpe dakika 10 za mzee anayesimulia, atakurudishia 3, maneno yamebanana kama abiria wa daladala, chini yake biti inagonga bila kupumzika. Ukiuliza, unajibiwa: watazamaji hawana subira, bro.

Nilikuwa na rekodi ya Issenye, wilayani Serengeti: bibi anasimulia hadithi kwa lugha yake. Kabla ya kumtaja marehemu ndani ya hadithi, alinyamaza sekunde 3. Kwa video ya fremu 25 kwa sekunde, hizo ni fremu 75. Kijana aliyeiediti alizifyeka zote, akavuta klipu ya pili ikanasa kwenye ya kwanza, kila mkato ukaangukia kwenye biti. Kiufundi, safi kabisa. Kifasihi, ni sawa na kuchapa shairi bila mishororo wala beti, halafu ujisifu umeokoa karatasi.

Sikatai kupanga klipu. Simu nyingi hurekodi kwa kasi ya fremu inayopanda na kushuka, sauti ya kinasa cha pembeni ni faili jingine, na baada ya muda midomo inakwenda huku, sauti kule. Hapo lazima ulinganishe. Piga kofi mbele ya kamera mwanzoni na mwishoni, kisha kilele cha wimbi la sauti ukiweke kwenye fremu ambayo viganja vinakutana. Hiyo ni kazi ya uaminifu: vilivyotokea pamoja vinarudishwa pamoja. Lakini ile alama ya sumaku kwenye programu, inayogandisha klipu, haijui Kiissenye wala Kiswahili. Inajua pengo tu. Pengo lipi ni kosa na lipi ni koma, hilo ni la mhariri.

Mtasema nakuza jambo. Filamu ya Bernhard Grzimek kuhusu Serengeti ilitoka 1959 na ikashinda Oscar. Eneo hili likasimuliwa duniani na mgeni. Leo Waissenye, Wanata na Waikoma, majirani wa hifadhi hiyo, wanaweza kujirekodi kwa simu zao. Halafu sisi wenyewe tunawakata pumzi?

Na hiyo hoja ya subira ni uongo. Mtazamaji huyohuyo anasubiri VAR dakika nzima na zaidi, macho hayabanduki kwenye skrini. Anasubiri kwa sababu anajua kuna kitu kinakuja. Bibi naye alinyamaza ili tujue kuna kitu kinakuja.

Ukilazimika kufupisha, toa kisa kizima na useme umekitoa. Rekodi asilia itunze, na nakala irudi Issenye. Pumzi ya msimulizi usiiguse.