Wimbo umetoka, lakini ni wa nani? Wasanii huru na sisi wa Matwebe



Wiki hii hewani tumezungumzia nyimbo mpya za wasanii huru wa Tanzania. Muda wa kipindi ni mfupi, na swali moja limeturudia kwa njia nyingi: kwa nini muziki wa Watanzania wenzetu unasikika London na Geneva, lakini huku kwetu hakuna anayeujua? Hapa tunaeleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu jibu lake linamgusa pia kijana wa hapa Rungwe anayepanga kwenda studio mwezi ujao, na kwaya inayochangishana ili irekodi.

Msanii huru ni nani?

Msanii huru ni yule asiyesimamiwa na kampuni kubwa ya muziki. Analipia studio mwenyewe, anatafuta jukwaa mwenyewe, au anafanya kazi na lebo ndogo inayotoa nakala chache. Mara nyingi muziki wake si ule unaopigwa kila saa. Huyu anapiga zeze, yule anapiga singeli ya kasi isiyo na mashairi, mwingine ana gita la kujitengenezea.

Kwa maana hiyo, wasanii huru tunao wengi kuliko tunavyodhani. Wamoravian walifungua misheni ya Rungwe mwaka 1891, na uimbaji wa kwaya umekua pamoja na makanisa yetu tangu enzi hizo. Kwaya inayochanga pesa ya studio, kisha ikauza nyimbo zake yenyewe baada ya ibada, ni msanii huru kamili, hata kama haijawahi kujiita hivyo.

Nini kimetoka?

Juni 2024 Pendo Zawose na Leah Zawose, wanaojulikana kama The Zawose Queens, walitoa albamu inayoitwa Maisha. Ni wa ukoo wa marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyeipeleka ilimba na zeze duniani akitokea Bagamoyo, na aliyefariki mwaka 2003. Lebo iliyotoa Maisha ni Real World ya Uingereza, iliyoanzishwa na mwanamuziki Peter Gabriel mwaka 1989. Ndiyo iliyotoa Chibite ya Hukwe mwaka 1996. Tofauti ni kwamba sasa wanawake ndio wako mbele, ilhali katika familia hiyo majukwaa ya kimataifa yalijulikana zaidi kwa majina ya wanaume.

Mwaka huohuo wa 2024 watayarishaji Sisso na Maiko wa Dar es Salaam walitoa Singeli Ya Maajabu. Lebo yao ni Nyege Nyege Tapes ya Kampala, Uganda, ambayo mwaka 2017 ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso kutoka studio ya Sisso iliyoko Mburahati. Mwaka 2022 lebo hiyo ilitoa Mr Mixondo ya DJ Travella, kijana mwingine wa Dar es Salaam. Singeli hizi huvuka mapigo 200 kwa dakika. Ni muziki wa vigodoro vya uswahilini, na leo unachezwa kwenye kumbi za Ulaya.

Karibu zaidi na sisi kuna Wamwiduka Band wa Mbeya. Walianzia mtaani na vyombo vya kujitengenezea, likiwemo babatoni, lile besi refu la waya mmoja, na wamefika hadi jukwaa la Sauti za Busara, Zanzibar. Ukivuka mpaka wa Kasumulu kuingia Malawi kuna Madalitso Band, watu wawili, gita na babatoni. Walipiga miaka mingi mitaani Lilongwe. Mwaka 2017 walipanda jukwaa la Sauti za Busara, na mwaka 2019 lebo ya Bongo Joe ya Geneva, Uswisi, ikatoa albamu yao Wasalala. Babatoni ni chombo ambacho fundi wa kijijini anaweza kukiunda kwa mbao, ngozi na waya.

Kwa hiyo tusiseme muziki wetu haupendwi. Unapendwa. Tatizo liko kwenye njia unayopitia.

Kwa nini unafika Geneva kabla ya Matwebe?

Sababu ya kwanza ni mnunuzi. Lebo ndogo za nje zinaishi kwa kuuza sahani za santuri, kuuza faili mtandaoni, na kupeleka bendi kwenye matamasha. Mnunuzi wake ni mtu wa Ulaya mwenye kadi ya benki. Anaponunua santuri moja, pesa hiyo kwetu ni bajeti ya nyumba kwa siku kadhaa. Lebo inapeleka mzigo palipo na mnunuzi, kama mfanyabiashara wa parachichi anavyofanya.

Sababu ya pili ni simu zetu. Wengi wetu tuna kitochi chenye redio na memori kadi. Nyimbo tunawekewa na fundi wa simu pale stendi, anayetoza kwa idadi ya nyimbo au kwa kujaza kadi. Fundi anaweka kinachoulizwa, na wimbo usiojulikana hauulizwi. Mwenye simu janja naye anapima bando, na akibakiwa na MB chache atafungua wimbo anaoufahamu tayari.

Sababu ya tatu ni redio. Wimbo unafika redioni pale mtu anapouleta. Kampuni kubwa ina mtu wa kazi hiyo, anayesambaza wimbo kwa vituo vyote siku ileile unapotoka. Msanii huru hana mtu huyo, na lebo ya Geneva haina sababu ya kutuma faili Tukuyu.

Haikuwa hivi siku zote. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Zanzibar alisafiri hadi Bombay, India, kurekodi kwa ajili ya kampuni ya kigeni. Lakini sahani zile zilirudi kuuzwa huku Afrika Mashariki, na watu walikusanyika kuzisikiliza kwenye gramafoni. Mashine ilikuwa ya mgeni, ila soko lilikuwa nyumbani. Mwaka 2020, kitukuu wake Siti Muharam alitoa albamu ya Siti of Unguja kwa lebo ya On the Corner ya Uingereza. Safari hii wasikilizaji wengi walikuwa mbali na nyumbani.

Je, ni kwa sababu lugha yetu ni ndogo?

Wapo wanaosema, nani atanunua wimbo wa Kinyakyusa? Tuangalie Malta, nchi ya visiwa katika bahari ya Mediterania. Sensa yao ya mwaka 2021 ilihesabu watu wapatao 520,000. Kwa sensa yetu ya mwaka 2012, Rungwe na Kyela peke yake zilikuwa na watu zaidi ya 560,000. Hata hivyo Malta ina bendi huru zinazoimba Kimalta, kama Brikkuni, waliotoa albamu ya Kuntrabanda! mwaka 2008. Ni kweli kwamba Kimalta ni lugha ya taifa lao, tena tangu 2004 ni lugha rasmi ya Umoja wa Ulaya, na wana baraza la sanaa linalotoa ruzuku. Sisi tuna Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, unaotoa mikopo, na mkopo si ruzuku, kwa kuwa unarudishwa. Lakini kwa idadi ya watu tu, lugha yetu inatosha kubeba muziki wake.

Pesa inapita wapi?

Hapa ndipo vijana wengi wanapochanganyikiwa. Kuweka wimbo Boomplay, Spotify au YouTube si kuuza. Ni kama kupanga ndizi barabarani pale Kiwira, bado hujapata mteja.

Spotify iliingia Tanzania mwaka 2021. Tangu 2024 wimbo ambao haujasikilizwa angalau mara 1,000 ndani ya miezi 12 haupati mgawo wowote huko. Ukisikilizwa mara 999, malipo ni sifuri. YouTube nayo, ili upate mgawo wa matangazo, inataka wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90.

Bandcamp, ambako lebo nyingi ndogo huuza, ni tofauti. Pale mtu ananunua albamu kama anavyonunua mkungu, na mtandao unakata asilimia 15 kwenye faili. Albamu ikiuzwa kwa thamani ya shilingi 10,000, wao wanachukua 1,500, na kuna makato ya kupitisha malipo. Shida ni kwamba malipo yake hupita PayPal, na kwa muda mrefu akaunti za PayPal za Tanzania zimeweza kutuma pesa lakini si kupokea. Hiyo ni moja ya sababu msanii wetu anahitaji mtu wa Kampala au Ulaya katikati. Mtu wa katikati si adui. Lakini naye anakula, kwa hiyo lazima ujue anakula kiasi gani.

Haki mbili ndani ya wimbo mmoja

Jambo hili tunaomba lisomwe polepole. Kila wimbo uliorekodiwa una haki mbili. Ya kwanza ni ya utunzi, yaani maneno na sauti ya wimbo. Ya pili ni ya rekodi yenyewe, ambayo studio huiita masta. Mtunzi anaweza kuwa wewe, na masta ikawa ya mwingine. Ndiyo maana mtu anasikia sauti yake mwenyewe kwenye tangazo na hana pa kudai.

Tanzania iliingia Mkataba wa Berne mwaka 1994, na tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kazi yako inalindwa tangu ilipoundwa, na haki ya mtunzi inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Watoto wako wanaweza kuirithi kama wanavyorithi shamba. Kujisajili COSOTA si ndiko kunakoizaa haki hiyo, ila kunakupa ushahidi siku ya ugomvi. Sheria hiyohiyo ina sehemu inayolinda sanaa za jadi. Mtu akija kurekodi ing'oma ya kijiji kwa biashara, kijiji kina haki ya kuuliza kibali kiko wapi.

Maswali ya kuuliza kabla ya kusaini

Kabla hujatia sahihi, awe ni prodyuza wa mjini au mgeni mwenye kamera, uliza haya na majibu yaandikwe:

1. Masta itakuwa ya nani? Kama nimelipia studio, je, nakabidhiwa faili zote?
2. Mkataba ni wa miaka mingapi? "Milele" si idadi ya miaka.
3. Ni wa nchi zipi? Unaweza kumpa Ulaya na kubaki na Afrika Mashariki.
4. Mgawo ni asilimia ngapi, na gharama zipi zinakatwa kwanza?
5. Hesabu nitaletewa lini, na kwa maandishi gani?
6. Je, nitaruhusiwa kuuza na kugawa wimbo huu nyumbani?

Swali la sita watu hulisahau, ila kwetu ndilo lenye uzito. Ukibaki na haki ya nyumbani, unaweza kumpa fundi wa simu stendi wimbo wako, kuupeleka redioni, kuuza kwenye memori kadi siku ya sherehe, na mnunuzi akakulipa kwa simu palepale. Pesa yake ni ndogo, lakini haimpitii mtu wa Kampala wala Geneva.

Msikilizaji naye ana nafasi yake

Tukisema tunapenda vya kwetu, tuviulize kwa jina. Ukienda kwa fundi wa simu, mwambie akuwekee Wamwiduka. Ukipiga simu kwenye kipindi, taja wimbo wa kwaya ya mtaa wako. Na ukipenda wimbo wa kijana wa jirani, mtumie chochote kwenye namba yake badala ya kuomba akurushie bure kwa bluetuthi. Shilingi 1,000 kutoka kwa watu 200 ni 200,000, pesa inayoweza kumsogeza msanii kuelekea kurekodi tena.

Kwa wasanii na kwaya: mkirekodi, leteni wimbo kituoni pamoja na majina kamili ya watunzi na waimbaji, na jina la mwenye masta. Wimbo wenye majina hayo tunaweza kuupiga na kumtaja mwenyewe. Usio na majina, hata ukiwa mzuri kiasi gani, huishia kwenye simu za watu bila anayejua ulitoka kwa nani.